Dansi la Morogoro, kaseti ya Kabanga na redio ya jirani

Ndugu zangu, nimerudi mjini. Nilikuwa Kabanga kwa baba mdogo. Kabla hamjaanza kuniuliza habari za nikeli, hiyo ni Kabanga nyingine, ya Ngara, mkoa wa Kagera. Kabanga yangu mimi iko Kasulu, Kigoma, huku juu kwenye milima ya Waha, yenye hospitali ya misheni, chuo cha ualimu, migomba kila upande na baridi ya kukulaza na sweta.

Baba mdogo ni mwalimu mstaafu. Chini ya kitanda ana boksi la kaseti ambalo hata wajukuu hawaruhusiwi kuligusa. Siku ya pili akalitoa, akachagua moja, akasema: "Wewe si ndiyo mwandishi wa habari? Hebu nieleze hii."

Kaseti ilikuwa ya mwaka 1978. Wimbo ni wa Super Volcano, bendi ya Mbaraka Mwinshehe, Morogoro. Gitaa unalijua hata ukiwa usingizini. Ila mwishoni, kabla kaseti haijakatika, mtangazaji anaingia kwa Kirundi. Kwa Muha hiyo si shida, Kiha na Kirundi vinasikilizana vizuri. Baba mdogo aliurekodi kutoka redio ya Bujumbura.

Swali lake ni hili: bendi ni ya kwetu, redio ya taifa ni ya kwetu, basi kwa nini wimbo wa Morogoro aliupata safi kutoka Burundi, wakati RTD kutoka Dar ilimjia na mawimbi, mara inakuja mara inaondoka? Na Bujumbura waliutoa wapi?

Nusu ya kwanza ni rahisi. Dar es Salaam iko mbali na Kasulu, na mawimbi ya masafa mafupi yakisafiri umbali ule yanapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Bujumbura iko hapo nyuma ya milima. Lakini ile nusu ya pili, nakiri, ilininyima usingizi. Nilichofikiria kwanza ni kwamba redio mbili za taifa zilibadilishana kanda. Mbona Wazungu wanafanya? Muungano wa redio na televisheni za Ulaya, EBU, upo tangu 1950, na redio wanachama wanapeana matamasha kila mwaka: onyesho linapigwa London, mtu wa Helsinki analisikia sebuleni kwake. Nikasema hata sisi lazima tulikuwa na kitu kama hicho.

Tulikuwa nacho, kwenye karatasi. Mwaka 1962 redio za Afrika ziliunda muungano wao, URTNA, makao makuu Dakar, na baadaye ukawa na kituo cha kubadilishana vipindi Nairobi na kituo cha ufundi Bamako. (Tangu 2006 unaitwa AUB.) Lakini ngojeni kwanza tuangalie kanda yenyewe ilikuwa kitu gani, maana sisi wa kizazi cha faili tunadhani kumtumia mtu wimbo ni kubonyeza tu.

Redio yetu ilianza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya wazee wetu. Studio zake za Barabara ya Pugu ndizo zilizokuwa studio kuu za nchi. Bendi ikitaka kusikika ilipeleka kwanza mashairi yakakaguliwe, ikapangiwa siku, ikafika na vyombo vyake. Humo hakukuwa na kurekodi sauti leo na gitaa kesho. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, maikrofoni chache, moja kwa moja kwenye kanda yenye upana wa robo inchi. Mpuliza tarumbeta akikosea, mnaanza upya. Ndiyo maana rekodi zile zina uhai wa ukumbini. Na kulikuwa na Klabu Raha Leo, kipindi ambacho wazee wakikutajia macho yanang'aa, kwa sababu bendi zilikuwa zinapiga dansi hewani na nchi nzima inasikiliza.

Sasa chukua kanda hiyo, sema unataka kumpa nakala mwenzako wa redio nyingine. Kwanza, mwendo. Studio moja inarekodi kwa inchi saba na nusu kwa sekunde, nyingine kwa inchi kumi na tano. Asipojua, Mbaraka anatoka na sauti ya katuni, au anatoka kama ng'ombe mgonjwa. Pili, na hili wengi hatulijui, kulikuwa na kanuni mbili za kupanga besi na sauti za juu wakati wa kurekodi: ya Wamarekani iliyoitwa NAB, na ya Ulaya iliyoitwa CCIR. Kanda ya kanuni moja ukiipiga kwenye mashine ya kanuni nyingine, wimbo unatoka ila umepinda, na msikilizaji anaishia kusema "redio yao mbovu". Tatu, kile kichwa cha chuma kinachosoma kanda. Kikiinama kidogo tu, chini ya unachoweza kuona kwa macho, magitaa yanakuwa kama yamefunikwa blanketi. Ndiyo maana mafundi makini walirekodi mlio mmoja mrefu mwanzoni mwa kanda, ili fundi wa upande wa pili arekebishe mashine yake mpaka mlio ukae sawa, halafu ndipo aruhusu muziki.

Na yote hayo lazima yaandikwe kwenye boksi: jina la bendi, mtunzi, tarehe, dakika ngapi, mwendo gani, kanuni gani, nani mwenye ruhusa. Boksi lisilo na maandishi ni mzigo tu. Mtangazaji wa Bujumbura atasema nini akiwa hewani? "Huu hapa wimbo wa watu fulani"?

Ongeza na hali ya uchumi. Kanda tupu hazikutengenezwa Tanzania, zilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Mwishoni mwa 1978 tukaingia vitani na Idi Amin. Nchi inayotafuta fedha za mafuta haina hamu ya kununua kanda za kumrekodia jirani dansi. Siwalaumu mafundi wa RTD hata kidogo. Nawalaumu kidogo wakubwa waliosaini makaratasi ya ushirikiano wa Afrika bila kuuliza kanda zitatoka wapi.

Basi jioni nikaomba kuisikiliza kaseti upya kwa spika za masikioni. Kabla ya hapo nilisafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, nikazungusha skrubu yake kwa bisibisi ndogo mpaka gitaa likafunguka. Na hapo, nyuma ya gitaa, nikasikia: tch... tch... tch... Mchakato mdogo, kila baada ya muda uleule, kama hatua za mtu mwenye kiatu kilichotoboka. Kanda ina kelele yake, lakini inavuma kama upepo. Anayechakata kwa mzunguko ni santuri yenye mkwaruzo.

Bujumbura walikuwa wanapiga santuri. Santuri ya Mbaraka ilitoka Nairobi.

Tanzania kipindi hicho haikuwa na kiwanda cha santuri, Nairobi ilikuwa nacho, pamoja na kampuni za kurekodi. Mbaraka alirekodi RTD na akarekodi pia Nairobi kwa Polygram. Hakuwa peke yake. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walihamia Nairobi moja kwa moja na Simba Wanyika yao. Santuri ina sifa ambayo kanda haikuwa nayo: mwendo wake umeandikwa, jina limechapwa katikati, mashine yoyote inaipiga, na mfanyabiashara anaibeba kwenye basi. Hakuna mkataba wa serikali na serikali. Kwa hiyo kazi ambayo URTNA iliahidi, ya kuwafanya Waafrika wasikilizane, huku kwetu ilifanywa kwa kiasi kikubwa na wauza santuri. Mbaraka mwenyewe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa huko Kenya ambako santuri zake zilikuwa zinauzwa.

Nilipomweleza baba mdogo alicheka. Halafu akauliza: "Na Mbaraka alilipwa na nani? Bujumbura?"

Hapo ndipo pagumu. Wanamuziki waliorekodi RTD walipata kiasi kidogo siku ya kurekodi, basi. Wimbo ukipigwa mara elfu, mshahara wao ni kutajwa jina. COSOTA, iliyoanza kama chama cha hakimiliki, imetokana na sheria ya 1999, na wakati huo wengi wa wapigaji wale walikuwa wazee au marehemu. Tafadhali msiniambie mambo ya "enzi za uzalendo". Uzalendo haumlipii mjane kodi ya nyumba.

Cha kuchekesha ni kwamba kanda za RTD zenyewe zilifika Ulaya kabla hazijafika kwa jirani. Remmy Ongala, Mkongo wa Kindu aliyefika Dar 1978, alisikika Uingereza baada ya kaseti yake kuwafikia watu wa tamasha la WOMAD. Albamu yao ya 1988, Nalilia Mwana, ina nyimbo zilizorekodiwa RTD. Mwaka 2007 Wafaransa wa Buda Musique wakatoa Ujamaa, mkusanyiko wa dansi letu la miaka ya sitini. Yaani kijana wa Paris aliweza kununua dansi la Dar dukani, akiwa na kijitabu cha maelezo ya kila bendi, wakati mwalimu wa Kasulu anategemea kaseti iliyorekodiwa hewani.

RTD ikawa TUT, TUT ikawa TBC mwaka 2007, na kanda zimerithiwa. Mwaka 2012 vijana wa Tanzania Heritage Project walichangisha fedha kwenye mtandao ili zihamishiwe kwenye kompyuta, na filamu ya Wahenga, ya 2018, inawaonyesha wanamuziki wale wakiwa wazee. Kila mara mazungumzo yakianza yanakwama kwenye swali lilelile la baba mdogo. Fundi anaweza kusafisha kanda, kuioka ikiwa gundi yake imeanza kunata, kuisoma kwa mwendo wake. Hilo linafundishika. Lakini kwenye boksi pameandikwa bendi na tarehe, hapakuandikwa nani analipwa ikipigwa kwingine.

Usiku wa mwisho nilihamisha kaseti kwenye laptopu. Nikamwambia baba mdogo naweza kufuta ule mchakato, na yule mtangazaji wa Kirundi anayekata mwisho wa wimbo naweza kumwondoa kabisa, ubaki muziki peke yake.

"Umwache," alisema. "Na hiyo tch tch uiache."

Nikaacha vyote. Faili nimeliita Super Volcano, santuri ya Nairobi, kupitia Bujumbura, kaseti ya Kabanga, 1978. Jina refu mpaka kompyuta inalikata. Yeye akachukua kalamu, akaandika maneno hayohayo kwenye karatasi ya kaseti kwa mwandiko wake wa ubaoni, akairudisha kwenye boksi, na boksi chini ya kitanda.