Betri na Onyo Lake

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mwenye busara hulitazama wingu kabla ya kuanua. Ndivyo ilivyo kwa onyo litokealo katika kioo cha kipakatalishi, kwamba betri yafaa kubadilishwa. Wako walipuuzao mpaka kazi yao ikapotea, na wako wakimbiliao dukani kutoa fedha bila kuuliza. Historia ya betri yatuonyesha njia iliyo bora kuliko hizo mbili.

Mwaka 1800 mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, aliutangazia ulimwengu betri aliyoipanga kwa visahani vya metali mbili na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akaunda betri ya risasi iliyoweza kujazwa umeme tena. Tangu hapo betri zimebadilika umbo, lakini tabia moja haikuziacha: zote huchakaa. Wazee wetu waliijua tabia hiyo kwa redio. Sauti ilipofifia, betri zilitolewa zikaanikwa juani, zikapata nguvu kidogo za kumalizia taarifa ya habari. Onyo lao lilikuwa sauti ile tu.

Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu. Betri ya namna hii katika kipakatalishi huweka hesabu mbili: kiasi cha umeme ilichoundwa kushika, na kiasi iwezacho kushika sasa. Programu ya Windows 7, iliyotolewa Oktoba 2009, ilizisoma hesabu hizo na kumwonya mwenye mashine nguvu iliposhuka hadi asilimia 40. Yaani betri ya wati-saa 50 ikibaki na 20. Mara malalamiko yakazuka kwamba programu mpya inaharibu betri. Februari 2010 kampuni ya Microsoft, baada ya uchunguzi, ilijibu kwamba betri hizo zilikuwa zimechakaa kweli, ila programu zilizotangulia hazikuwa na onyo kama hilo. Mjumbe alilaumiwa kwa habari aliyoileta.

Hata hivyo kipimo nacho huweza kupotoka. Kwa hiyo jaza betri kabisa, itumie mpaka ikaribie kwisha, kisha uijaze tena. Hesabu ikipanda, kipimo ndicho kilichokosea. Ikibaki chini, betri imechoka.

Jambo hili latuhusu. Mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, zikiwamo kompyuta za walimu. Katika joto la kando ya ziwa, toka Mbita hadi Muhuru, jua lililoihuisha betri ya redio ndilo adui wa betri ya lithiamu, kwa kuwa joto huizeesha upesi. Basi kipakatalishi kisiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Na betri ikivimba, hapo hapana la kupima: acha kuitumia mara moja, kwani yaweza kuwaka moto. Isitobolewe, isichomwe, wala isitupwe ziwani.

Asomaye ushahidi kabla ya kuhukumu huokoa fedha ya shule, na mara nyingine huiokoa shule yenyewe isiungue.