Maji Yanayobaki Ndani ya Zege

Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Saruji hiyo ikajenga madaraja na mabwawa ya dunia nzima, lakini kuchunguza matundu ya zege kuliendelea kuwa kazi ngumu, kwa kuwa vipimo vingi vilitaka sampuli ikaushwe kwanza. Hapo ndipo penye tatizo: maji yakitolewa, matundu madogo hujikunja, na unachopima si zege lile tena.

Njia ilifunguliwa na watu wasioshughulika na ujenzi hata kidogo. Kati ya 1945 na 1946, Edward Purcell kule Harvard alitumia nta, na Felix Bloch kule Stanford akatumia maji. Kila mmoja na wenzake waligundua kwamba viini vya haidrojeni vikiwekwa kwenye sumaku na kupigwa mawimbi ya redio, huitika. Purcell na Bloch waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952, na kanuni hiyo ndiyo inayoendesha mashine za MRI hospitalini.

Maji yana haidrojeni, na zege lina maji. Maji yaliyobanwa kwenye tundu jembamba hugusa kuta kila mara, hivyo mwitiko wake hufifia upesi. Yaliyo mahali palipo wazi huchelewa. Ukipima muda huo, umepima tundu bila kukausha chochote. Mwaka 1978 kundi la Robert Blinc wa Ljubljana lilichapisha vipimo vya namna hiyo kwenye saruji.

Kazi inayonivutia zaidi ilifanyika Tallinn, Estonia, kwa Endel Lippmaa. Yeye alifuata silikoni, ingawa katika kila atomi 100 za silikoni hazifiki 5 zinazoitika. Unga wa saruji hushindiliwa ndani ya kichupa kidogo, kikainamishwa nyuzi 54.7 na kuzungushwa maelfu ya mara kwa sekunde, mpaka mwitiko uliokuwa ukungu utengane vizuri. Mwaka 1982 kundi lake lilionyesha kwamba silikoni, ambayo kwenye saruji kavu hukaa mojamoja, ikikutana na maji huungana kuwa minyororo mifupi. Minyororo hiyo imo ndani ya gundi yenyewe ya zege.

Kuna kasoro isiyofaa kufichwa. Chuma kilichomo kwenye saruji ya kijivu huvuruga mwitiko, kwa hiyo watafiti wengi wametumia saruji nyeupe, wakati dunia inajenga kwa ya kijivu.

Mwaka 2013, Arnaud Muller na Karen Scrivener wa Lausanne, pamoja na Peter McDonald wa Surrey, walionyesha kwamba gundi ya zege huzidi kushonana kadiri saruji inavyoendelea kuungana na maji.

Zege, basi, haliwi gumu kwa kukauka. Fundi akishamwaga la nyumba yako, usikubali liachwe juani: limwagilie maji kwa siku 7 angalau.