Kwa Nini Optimus Prime Alikufa?

Katika kikao chetu kilichopita mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba katuni za maroboti si fasihi, ni tangazo la midoli lililochapwa kwa rangi. Watu wakacheka, mimi nikanyamaza. Sikukosa jibu, ndugu msomaji. Kodi ya chumba changu naipata kwa kuandika matangazo ya redio, leo sabuni, kesho mafuta ya kupikia, na yule bwana alikuwa amenigusa kidonda bila kujua. Basi jibu langu nalileta humu.

Kwanza nikiri: anasema kweli. The Transformers lilikuwa tangazo tangu siku ya kwanza. Kampuni ya Hasbro ya Marekani iliona midoli ya kampuni ya Takara huko Japani: magari, ndege, hata bastola, ambavyo ukivikunjua vinakuwa roboti. Kwa Wajapani wale hawakuwa watu. Wengi walitoka katika mfululizo ulioitwa Diaclone, na ndani yao mlikaa dereva mdogo wa plastiki. Roboti alikuwa chombo tu, kama lori. Hasbro wakataka kumuuza Marekani bila dereva wake, na hapo ndipo penye kazi: chuma kitupu utamsimulia nini mtoto hadi amng'ang'anie mama yake dukani?

Wakaenda kwa wachapaji wa katuni, Marvel. Jim Shooter, mhariri mkuu, akaandika kiini cha kisa: sayari ya Cybertron, vita kati ya Autobots na Decepticons, chombo chao kuanguka duniani miaka milioni 4 iliyopita, wakalala humo hadi mlima wa volkano ulipowaamsha mwaka 1984. Denny O'Neil akampa jemadari jina la Optimus Prime. Kazi iliyobaki, majina na tabia za wengine wote, ikamwangukia mhariri aitwaye Bob Budiansky mwishoni mwa mwaka 1983, nayo ilitakiwa upesi upesi. Inasimuliwa kwamba jina la Megatron liliwatisha wenye mali, wakaona linanuka mabomu ya nyuklia. Budiansky akawaambia huyu ndiye adui mkuu, kazi yake ni kutisha. Wakakubali.

Hebu fikiri. Mtu amekaa mezani na picha za midoli, anaambiwa huyu gari jekundu, huyu kinasa sauti, waandikie roho. Naye anawaandikia: huyu mwoga, huyu ana majivuno, huyu anaichukia vita lakini anapigana. Mimi nimewahi kukaa mbele ya mche wa sabuni hivyo hivyo. Sabuni yangu haikupata roho, lakini naijua meza ile.

Toleo la kwanza lilitoka na tarehe ya Septemba 1984, na mpango ulikuwa matoleo 4 tu. Katika la 3 walimwingiza hata Spider-Man, biashara ichangamke. Ikachangamka mno, kitabu kikaendelea, na Budiansky akakabidhiwa uandishi. Sasa kasheshe ikaanza. Kila msimu Hasbro walikuwa na midoli mipya, na kila mdoli mpya alitakiwa aonekane kitabuni, aitwe jina, aseme neno. Ukisoma matoleo ya kati utamwona mwandishi anahema. Kurasa 22, wageni kumi, na kisa kimesimama mlangoni hakina pa kukaa. Na kama wapya wanaingia, wa zamani waende wapi? Rafu ya duka haina huruma, bwana.

Ndipo Optimus Prime akafa. Katika filamu ya katuni iliyotoka Agosti 1986 aliuawa katika vita na Megatron, na mashujaa wengine wa mwaka 1984 wakafagiwa dakika za mwanzo. Watoto walilia ndani ya sinema. Waliotengeneza filamu wamekiri baadaye kwamba kwao ilikuwa kuondoa bidhaa za zamani kupisha mpya, hawakujua watoto wale walikuwa wamepata baba. Kelele za wazazi zilikuwa kubwa kiasi kwamba katika filamu ya G.I. Joe ya mwaka uliofuata, jemadari Duke, aliyekuwa amepangiwa kufa, akaishia kuzimia.

Lakini mimi nataka kuzungumzia kifo kile kingine, cha kitabuni, toleo la 24, Januari 1987. Wengi hukidharau, na kwa haraka haraka ni kichekesho kweli. Optimus na Megatron wanakubaliana kupambana ndani ya mchezo wa kompyuta, atakayeshindwa alipuliwe. Optimus anashinda. Ila katika kushinda, baadhi ya viumbe wanaoishi ndani ya mchezo ule wanakufa kwa sababu yake. Viumbe vya mchezo, jamani, vya umeme mtupu! Naye anasema hastahili ushindi, anataka sharti litimizwe juu yake. Kijana mwenye kompyuta, Ethan Zachary, anabonyeza kitufe.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisonya. Mara ya pili nikaiweka chini nikatoka nje kidogo. Tazama alichofanya mwandishi. Zamu ya lori lile jekundu ilikuwa imekwisha; midoli mipya ilikuwa inasubiri. Namna ya kumwondoa ndiyo iliyoachwa mikononi mwake. Angeweza kumwangushia jiwe. Yeye akauliza: roboti aliyeumbwa ili auzwe atawaonaje viumbe walioumbwa ili wachezewe? Akawaona kama watu, akalipa kwa maisha yake. Ndiyo, kisa kina mashimo, na Megatron anaishia kuonekana bwege. Swali lenyewe hata hivyo si la mdoli.

Picha ya mwisho inamwonyesha Zachary na disketi: amehifadhi akili ya Optimus humo. Mwaka 1988, toleo la 42, jemadari akarudi katika mwili mpya, Powermaster, na mwili huo, mtakuwa mmekwisha bahatisha, ulikuwa unauzwa dukani. Yule mwenzetu wa kikaoni angepiga makofi hapa. Nami nisingemkatalia.

Uingereza mambo yalikwenda vingine. Huko Marvel walitoa gazeti la katuni lililokuja kuwa la kila wiki, na visa vya Wamarekani, vya kila mwezi, havikutosha kulilisha. Ikabidi waandike vya kwao. Kijana Simon Furman akaziba mianya hiyo, na mwaka 1986 akaandika Target: 2006, kisa kirefu kilichoishika filamu kwa mkia na kuivuta iingie katika wakati wa kitabu. Baadaye akampa Unicron, mla sayari, pacha wa nuru aitwaye Primus, hivyo maroboti wakawa na asili na mungu. Hakuna mdoli wa Primus aliyekuwa dukani wakati huo. Budiansky alipochoka na kuondoka baada ya toleo la 55, Furman akachukua kitabu cha Marekani pia. Katika la 75 Optimus akafa tena, safari hii akimmaliza Unicron, na michoro ya Geoff Senior humo ni ya mtu anayekimbizana na mwisho wa dunia.

Mauzo yalikuwa yamekwisha shuka. Toleo la 80 lilikuwa la mwisho, Julai 1991, na juu ya jalada wakaandika kwa mzaha kwamba hili ni la 80 katika mfululizo wa matoleo manne. Gazeti la Uingereza lilifuata kaburini Januari 1992, toleo la 332. Miaka 20 baadaye, 2012, Furman na mchoraji Andrew Wildman walirudi wakaendelea pale pale walipoachia, hadi wakafikisha la 100 mwaka 2014.

Nimelikunja toleo la 24 ndani ya gazeti, nitakuja nalo kikaoni Jumamosi nimpe yule bwana akalisome usiku. Kabla ya hapo nina sekunde thelathini za sabuni za kupeleka, na mteja anataka mama wa kwenye tangazo acheke.