Chungu Kimoja, Mafiga Matatu

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie samaki, lakini si bei yake. Nataka tuzungumzie kuni zilizomkausha.

Bibi yangu, aliyeishi kando ya ziwa hapa Mwanza, alikuwa akituambia kwamba zamani hawakuhitaji kuni kukausha furu. Walimwanika juani juu ya miamba, kama dagaa anavyoanikwa mpaka leo. Kisha akaja sangara. Huyu alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa Uganda na Kenya. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa katika Ghuba ya Mwanza, na furu wakawa wanatoweka. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Ukimwachia jua peke yake, huoza kabla ya kukauka. Ikabidi abanikwe motoni au akaangwe. Samaki wa majini akaanza kula miti ya nchi kavu.

Je, nani alitufundisha jambo hilo? Redio yetu ina historia ya kujivunia katika elimu. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujifunza. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Vyoo vilichimbwa na watu wazima walijifunza mengi. Sina budi kuwapa heshima wakubwa zetu wa kazi hii.

Lakini tazameni: afya peke yake, chakula peke yake, misitu peke yake. Darasani nako kulikuwa vivyo hivyo. Mwalimu wa sayansi aliniagiza nichemshe maji ya kunywa. Mwalimu wa jiografia aliniagiza nisikate miti. Hakuna aliyeniambia maji hayo yatachemshwa kwa moto gani. Mama alilijua swali hilo kila jioni, lakini halikuwamo katika mtihani.

Ziwa halina vipindi vya masomo. Mlima ukikatwa miti, mvua huteremsha udongo na rutuba yake majini. Rutuba hiyo, pamoja na maji machafu ya miji, ilinenepesha magugu maji yaliyoziba gati na mialo katika miaka ya 1990. Na mto Nile unapotoka ziwani, kule Jinja, lipo bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Mwaka 2005 na 2006 kina cha ziwa kilishuka sana. Ukame ulichangia, lakini pia maji mengi mno yaliruhusiwa kupita ili kuzalisha umeme. Taa ya jirani na mtumbwi wetu vinategemea maji yale yale.

Walimu wa Mwanza, ombi langu ni dogo. Wapelekeni watoto mwaloni, wamtazame samaki mmoja na waulize: ametoka katika maji gani? Amekaushwa kwa moto gani? Miti ilipokatwa, udongo umekwenda wapi? Jibu la swali la tatu litawarudisha kwenye lile la kwanza.

Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa moja, uji humwagika. Kwaherini, mpaka juma lijalo.