Utepe wa Kaboni Uliosukwa Juu ya Dhahabu

Mwaka 1901 mkemia Mjerumani Fritz Ullmann alieleza jinsi shaba inavyoziondolea molekuli halojeni zake, kama iodini au bromini, na kuziacha kaboni zilizobaki wazi ziungane. Mmenyuko huo ukaingia katika vitabu vya kemia, lakini ulitendeka ndani ya chupa, mbali na macho ya yeyote.

Macho yalipatikana mwaka 1981. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, waliunda hadubini ambayo ncha yake hupita juu ya metali bila kuigusa, ikibaini atomu mojamoja. Mwaka 2000 watafiti wa Berlin waliifanya ncha hiyo kuwa mkono: juu ya shaba yenye baridi kali, waling'oa iodini kwenye molekuli mbili za iodobenzini, wakavisogeza vipande na kuviunganisha. Jaribio zuri mno, ingawa kwa mwendo ule hakuna kitu kirefu kingeweza kujengwa.

Jibu lilikuwa kuziacha molekuli zijijenge. Mwaka 2007 kundi la Leonhard Grill lilizimwaga juu ya dhahabu molekuli zenye bromini pembeni. Yenye bromini moja ilizaa jozi, mbili zikazaa mnyororo, nne zikazaa wavu. Ramani ya jengo ilikuwa tayari imo ndani ya tofali.

Wakati huo dunia ilikuwa imevutiwa na grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, iliyotengwa Manchester mwaka 2004. Inapitisha umeme vizuri sana, lakini haizimiki, na swichi isiyozimika haina kazi kwenye kompyuta. Ikiwa utepe mwembamba sana, huzimika. Shida ni kuukata: ukili ukikatwa kwa mkasi hufumuka kingo, bali ukisukwa kwa upana unaotakiwa hutoka umenyooka.

Roman Fasel wa maabara ya Empa, Uswisi, na Klaus Müllen wa Mainz wakausuka. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Walichagua molekuli ya anthrasini mbili zilizounganishwa, kila moja na bromini yake. Kwenye nyuzijoto 200 za Selsiasi bromini ziliachia, mnyororo ukafungana. Ulikuwa bado umepindapinda, kwa sababu haidrojeni za jirani zilisukumana. Kwenye nyuzijoto 400 haidrojeni ziliondoka, pete zikajifunga, utepe ukalala bapa: atomu 7 za kaboni kwa upana, kingo bila kasoro.

Ila dhahabu nayo hupitisha umeme, hivyo utepe ulipaswa kuhamishwa kwenye kihami. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani na Ulaya walitangaza transista, yaani swichi za umeme, zilizofanya kazi kwa tepe za upana wa atomu 9.