Bikari, Dira na Lijamu

Zamani, kabla ya paa za mabati na kuta za matofali ya kuchoma kuenea juu ya vilima vya Ngara, mtu wa Bugufi au wa Bushubi aliyetaka kujijengea nyumba ya msonge alipigilia kigingi mahali alipokusudia pawe katikati ya nyumba, akafunga kamba kwenye kigingi na kijiti chenye ncha kwenye mwisho wa kamba, kisha akazunguka, kamba imekazwa na kijiti kikikwaruza udongo, hata alipoirudia alama yake ya kwanza duara lilikuwa limetimia, na kila nguzo ikajua mahali pake. Hakuandika tarakimu hata moja, wala hakuhitaji kuiandika, maana urefu wa kamba ulikuwa ndio hesabu yake yote.

Chombo hicho cha kigingi, kamba na kijiti ni bikari kwa kila hali isipokuwa jina na ukubwa. Naanza nacho makusudi, kwa kuwa aghalabu husikia ikidaiwa kwamba uchoraji wa kiufundi ni elimu ngeni kwetu, ambayo haina budi kusemwa kwa maneno ya kigeni. Na dai hilo, ingawa hutolewa na watu waliosoma, si sahihi. Kazi yenyewe ilikuwapo juu ya udongo kabla ya kuhamia juu ya karatasi, na jina la chombo chake lilikuwapo pwani muda mrefu kabla ya shule ya kwanza kufunguliwa bara.

Bikari ni chombo cha miguu miwili iliyounganishwa kichwani, mmoja una ncha kali ya chuma na mwingine umeshika penseli au kipande cha risasi yake. Ncha hutulia mahali pamoja, napo ndipo kitovu cha duara. Penseli huzunguka, na njia yake ndiyo mzingo. Na uwazi uliopo baina ya miguu hiyo miwili ndio nusukipenyo. Iko pia bikari ambayo miguu yake yote ina ncha kali, na hiyo haichori kitu, bali huchukua kipimo kutoka mahali na kukipeleka mahali pengine bila ya kukigeuza kuwa namba. Nahodha huipanua juu ya ramani ya bahari kutoka bandari moja hadi nyingine, kisha huisogeza hadi ukingoni mwa ramani penye vipimo vya latitudo, ambapo dakika moja ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852, akajua mara ile safari yake ni ya urefu gani. Kwa maoni yangu, hii isiyochora ndiyo iliyo bora kuliko mwenziwe, kwa kuwa ni nadra kupata chombo cha uaminifu namna hiyo, ambacho hakiongezi wala hakipunguzi.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Waajemi walikiita chombo hiki pargar. Waarabu, ambao ulimi wao hauna sauti ya p, wakalifanya birkar na firjar. Na Waswahili wakalipokea, wakalilainisha, wakalipa irabu ya mwisho kama ilivyo desturi ya lugha yao, likawa bikari. Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania hulikuta katika kitabu chake cha Hisabati, anapoamriwa achore duara au aigawe pembe katika sehemu mbili zilizo sawa kwa rula na bikari. Walakini mtoto huyo huyo akiingia sekondari, ambako masomo husomeshwa kwa Kiingereza, huliacha neno hilo mlangoni, na miaka michache baadaye, akiwa fundi au mwalimu, husema kampasi.

Hapo ndipo ulipo msiba, nami siutaji kwa sababu ya chuki juu ya maneno ya kukopa, maana bikari nalo ni la kukopa. Kosa la kampasi ni kwamba limebebeshwa mizigo mitatu: kwa mmoja ni chombo cha kuchorea duara, kwa wa pili ni chombo cha sumaku kinachoonyesha kaskazini, na kwa wa tatu ni eneo la chuo kikuu lenye madarasa na mabweni yake. Kiswahili kilikwisha kuvitenga vitu hivi, maana chombo cha sumaku ni dira, nalo ni neno la mabaharia wa Ghuba na wa pwani yetu, la shina moja na duara, kwa sababu uso wa dira ni mviringo uliogawanywa. Ajabu ya lugha ni kwamba chombo kinachochora duara hakikupata jina la duara, bali lilikwenda kwa kile kinachoongoza jahazi. Na kwa kuwa mgawanyo huo umekwisha kutulia katika vinywa vya watu kwa karne nyingi, ni hasara kuuvuruga leo kwa neno moja lisilojua lisimame upande gani.

Vyombo vinavyobaki vya mchoraji havina shida kubwa ya majina. Upo ubao wa kuchorea, ipo rula ya T, ambayo kichwa chake hubanwa kwenye ukingo wa ubao ili mistari yote ya ulalo iwe sambamba, zipo pembetatu mbili, moja ya nyuzi 45 na nyingine ya nyuzi 30 na 60, ambazo zikiunganishwa kwa akili hutoa kila pembe inayogawanyika kwa 15, kipo kipimapembe, nazo zipo penseli, ngumu kwa mistari ya awali na laini kwa mistari ya mwisho. Seremala anayevijua vyombo hivi aweza kuchora kiti kabla ya kukata mbao, akaokoa mbao.

Nataka sasa nitoke katika meza ya mchoraji niende katika banda la farasi, ambako kuna neno la pili lililosafiri njia ile ile ya bikari. Lijamu ni chuma kinachowekwa kinywani mwa farasi. Waajemi walisema ligam, Waarabu wakasema lijam, nasi tukamalizia. Ngara si nchi ya farasi, wala Biharamulo, kwa kuwa mapori ya huko yana mbung'o, na mbung'o huambukiza nagana, maradhi ambayo David Bruce aliyatambua asili yake huko Zululand mwaka 1895, na ambayo farasi hayahimili. Mtu wa Ngara anajua ng'ombe wa pembe ndefu, naye humwongoza kwa fimbo na kwa sauti, bila ya chuma. Hata jina la farasi lilifika kutoka pwani, na ng'ambo ya maporomoko ya Rusumo Wanyarwanda husema ifarashi. Pwani, kinyume chake, farasi alikuwa fahari ya mabwana wa Omani na Unguja, na Sayyid Said bin Sultan alipopeleka merikebu yake Sultana hadi New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi zilizokuwamo walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu.

Kuchagua lijamu ni kazi ya kipimo na huruma pamoja. Kinywani mwa farasi, baina ya meno ya mbele na magego, pana pengo lisilo na meno, na hapo ndipo lijamu inapolala, juu ya ulimi na juu ya ufizi mtupu. Upana wa kinywa hupimwa kwanza, kwa uzi, kwa kijiti, au kwa bikari yenye miguu iliyopinda, na lijamu huchaguliwa iuzidi upana huo kwa nusu sentimita hivi kila upande. Ikiwa fupi hubana midomo na kuijeruhi, ikiwa ndefu huteleza huku na huku, na mnyama hapati kujua anaambiwa nini. Chuma kinene huwa cha upole, kwa kuwa uzito wake huenea, na chembamba hukata; lakini farasi mwenye kinywa kidogo na ulimi mnene hutaabishwa na kile kinene, maana hakimwachii nafasi. Iko lijamu iliyovunjika katikati kwa kiungo, yenye pete mbili kwenye ncha zake, nayo humfaa anayejifunza. Na iko yenye mikono mirefu ya kuteremka na mnyororo chini ya kidevu, ambayo huzidisha nguvu za mpandaji kama mtaimbo unavyozidisha nguvu za mchukuzi, na hiyo haistahili kupewa mtu asiye na mkono mwepesi.

Hapa pana maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Hatamu si lijamu. Kwa Waarabu asili ya hatamu ni kamba ya pua ya ngamia, na katika Kiswahili ni kamba anayoishika mpandaji. Kwa hiyo wakati wa chama kimoja Watanzania waliposema chama kushika hatamu walisema sawasawa, kwa kuwa kinachoshikwa mkononi ni hatamu, ilhali lijamu hukaa kinywani mwa mwongozwa. Hatari nyingine iko katika tafsiri. Waingereza hutumia neno moja fupi kwa chuma cha kinywani mwa farasi na kwa chuma cha kutobolea mbao, na mfasiri asiyewahi kuingia karakanani aweza kumpa seremala lijamu mahali pa ncha ya keekee, jambo ambalo seremala yeyote angelikataa papo hapo, lakini kitabu kikishachapwa halikataliwi tena.

Baraza la Kiswahili la Taifa liko tangu mwaka 1967, na kusanifu istilahi ni katika kazi zake. Lakini hakuna baraza liwezalo kusema neno kwa niaba ya watu. Kwa hiyo nakuomba wewe mwalimu wa Ngara, na wewe fundi wa Biharamulo mwenye vijana wanaojifunza mkononi mwako, mtakapokishika chombo kile cha miguu miwili mbele yao, mkiite bikari. Na kijana akiuliza maana yake, mtoeni nje mkampigilie kigingi, mkampe kamba na kijiti, azunguke mwenyewe.