Nyumba ya Makumbusho ya Wenyeji

Mambo ya kale huhifadhika kwa njia mbili: kwa vitu vyenyewe, na kwa habari za watu waliovitumia. Njia moja ikikosa mwenzake, hasara ni kubwa. Leo twapenda kueleza jinsi wenyeji wa nchi mbalimbali wanavyotunza mambo ya kwao, na jinsi watu wa Chumbi, na wa Rufiji yote, wawezavyo kufanya vivyo hivyo.

Rufiji ina historia ndefu. Huko Mkukutu, karibu na Kibiti, Profesa Felix Chami alifukua shanga za kioo za Kirumi, akatangaza habari zake mwaka 1999. Shanga hizo zaonyesha kuwa pwani hii ilifanya biashara na watu wa mbali tangu zamani za Warumi. Mohoro, jirani na Chumbi, ndipo Wadachi walipomnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipokuwa vikianza. Tena katika matawi ya mto huu manowari ya Kidachi, Königsberg, ilishindwa na Waingereza, ikazama tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliondolewa. Mmoja uko Mombasa, katika Ngome ya Yesu, na mwingine uko Pretoria, Afrika ya Kusini. Basi, ikiwa chuma cha wageni kimetunzwa namna hiyo, migono na mitumbwi ya babu zetu yatunzwa wapi?

Nyumba ya makumbusho ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1940, nayo yafanya kazi njema. Lakini haiwezi kukusanya vitu vya kila kijiji. Kwa hiyo watu wengine wameanza wenyewe. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alishirikiana na Wasukuma kukusanya ngoma za watemi na vyombo vya nyumbani. Huko Kenya, tangu mwaka 1994, Bwana Sultan Somjee aliwasaidia wanakijiji kuanzisha makumbusho ya amani. Mfano mmoja ni mshipi wa akina mama wa Kipokot, uitwao leketyo, ambao mama huuvaa achukuapo mimba. Mama akiuvua na kuuweka chini mbele ya wapiganao, yawapasa kuacha vita. Asiyejua habari hiyo huona ngozi na shanga tu.

Katika Rufiji habari za namna hiyo zi karibu kupotea. Zamani watu wengi wa bondeni walikaa katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga wao na ndege na wanyama, na kujiokoa na maji. Mwaka 1968 na 1969 Serikali iliwahamishia vijijini penye nchi ya juu. Waliokuwa watu wazima siku zile sasa wamepita miaka sabini. Tena mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia nyumbani mwa watu, na maji hayachagui kipya wala cha kale.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Chagueni chumba kimoja mahali pa juu, pasipo mchwa wala unyevu. Kila kitu kiletwacho kiandikwe daftarini: jina lake katika lugha ya wenyeji, mti uliokitoa, aliyekitengeneza, kazi yake, na mwenyewe aliyekileta, ili haki yake isipotee. Lakini vitu vilivyomo ardhini msivifukue. Sheria ya mwaka 1964 yavilinda, nayo yataka Serikali ipewe habari.

Wazee wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Enyi wanafunzi, kalamu mnazo, na wazee wa madungu wangali hai. Waendeeni kwa adabu, waulizeni, mwandike upesi.